Mapigo 140

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 34, na huu ni mwaka wa tisa niko leba. Kituo chetu cha afya kilipojengewa chumba cha upasuaji akina mama waliongezeka mno, lakini wakunga tumebaki walewale. Usiku tunakuwa wawili. Mwenzangu akiingia upasuaji, nabaki peke yangu na mhudumu mmoja. Mwezi Machi mama mmoja alitufia kwa kutoka damu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika. Kesho yake usiku nilirudi zamu kama kawaida, maana hakukuwa na wa kunishikia.

Tangu hapo sijielewi. Nalala mchana, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wiki mbili zilizopita mama wa kitanda cha tatu, mzazi wa kwanza, alibana miguu wakati mtoto anatoka. Nilimpiga kofi la paja na kumtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama wa kitanda cha tatu alijifungua salama, ila mama mkwe wake alikuwa dirishani, alisikia yote. Mama wa kitanda cha tatu mwenyewe hakusema kitu, alinitazama tu.

Inchaji amenipa alama za chini kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wetu. Anasema nimebadilika, nimekuwa mzito. Mume wangu anataka niache kazi nifungue duka la dawa muhimu. Binti yangu wa miaka sita aliniuliza juzi, "Mama, leo utarudi umenuna?"

Na jambo la mwisho, naomba usinihukumu. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, siku hizi naijaza mama akishajifungua. Mapigo ya mtoto naandika 140, 140, mpaka chini. Mama, nimekuwa mtu mbaya, au naumwa?

Sista wa leba, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja. Umeanza na kifo cha Machi, ukaja kwenye kofi, ukapita kwenye alama za inchaji na duka la mumeo, kisha mwishoni kabisa, kama mgeni anayesema shida yake akiwa ameshavaa viatu, ukaandika 140. Nitaanzia hapo, kwa sababu naona hayo mengine yote yamejificha nyuma ya tarakimu hiyo.

Kazi ya ukunga nimeifanya miaka 31. Katika mwaka wangu wa sita, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, mimi nilikuwa naandika 144. Niliona ikiwa na nne mbili mwishoni inafanana zaidi na kitu kilichohesabiwa. Asubuhi moja metroni wetu, mama mtu mzima asiyejua kupaza sauti, aliniita ofisini. Mezani alikuwa amelaza patografu mbili za usiku uliopita: ya mama aliyerudi nyumbani na mtoto, na ya mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Aliweka kidole kwenye nukta ya kwanza ya mapigo, akakipeleka taratibu nukta kwa nukta mpaka mwisho wa mstari. Kisha akafanya hivyohivyo kwenye karatasi ya pili. Zilikuwa sawasawa. Ungefunika majina usingejua ni mtoto gani aliyekuwa hai.

Moyo wa mtoto hauendi hivyo, na wewe unajua. Unatembea kati ya 110 na 160, unabadilika uchungu ukija na ukipita, na mtoto aliyeanza kuchoka utamsikia mapigo yanashuka baada ya uchungu na kuchelewa kurudi. Ndiyo maana tunaweka fetoskopu tumboni kila nusu saa na kuikandamiza kwa sikio mpaka linauma, tukisikiliza dakika nzima, mpaka uchungu uishe. Mstari ulionyooka tangu kulazwa mpaka kujifungua ni wa mtoto ambaye hakusikilizwa.

Nilijua metroni atanipeleka mbele ya kamati. Akaniuliza, "Usiku mlikuwa wangapi?" Nikamwambia mwenzangu alikuwa na ruhusa, nilikuwa peke yangu na akina mama tisa. Akaniuliza tena, "Hilo umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika popote.

Swali hilo la pili ndilo ninalokurudishia leo, mwanangu, kwa sababu lilinifungua macho kuliko adhabu yoyote. Ukiandika 140 ambayo hukuisikia, kosa la kwanza unalijua: mtoto anaweza kuwa anazama na karatasi inasema anaogelea. Lakini kuna la pili. Unafuta kwa mkono wako mwenyewe ushahidi wa mzigo unaokuua. Mganga mfawidhi akifungua faili anaona kila mama alisikilizwa kila nusu saa. Muuguzi mkuu wa wilaya akija kwenye usimamizi shirikishi anaona leba inayokwenda vizuri kwa wakunga wawili. Kwa nini akapiganie wa tatu? Ikama haipangwi kwa machozi. Hata ile njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria mahitaji ya watumishi inaanza na takwimu za kazi iliyofanyika, zile zinazotoka kwenye vitabu vyetu. Kwenye vitabu vyetu, wewe uliyekuwa peke yako umefanya kazi ya watu wanne, na umeifanya bila kasoro.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hili: kuanzia zamu ijayo, kama hukusikiliza, acha kisanduku kitupu. Kisha kwenye maelezo ya mgonjwa uandike saa na sababu. "Saa 9:30 usiku, mapigo hayakusikilizwa, mkunga mmoja, anamhudumia mama anayetoka damu, daktari wa zamu amejulishwa." Mstari mmoja unatosha. Na kwa kuwa huwezi kuwafikia wote, chagua kwa akili ya mkunga, ile uliyonayo hata ukiwa umechoka: mwenye presha, mwenye kovu la upasuaji, mwenye maji ya kijani, aliyewekewa dripu ya kuongeza uchungu. Hao wasikilize kwanza, na uandike kwamba umewachagua.

Najua unawaza nini. Kisanduku kitupu ndicho kitakachoshikwa siku mtoto akifa, na mwenye 140 zake atapona. Hofu hiyo ina msingi. Nimeona wakunga wakisimamishwa kazi mbele ya kamera kabla hata faili halijasomwa. Ndiyo maana nakusihi usilianze peke yako kimyakimya. Kaa na wenzako wa leba kwanza, kwa sababu nina hakika ya jambo moja: si wewe peke yako unayejaza baadaye. Kisha nendeni pamoja kwa inchaji, mumweleze kwamba mmekuwa mkijaza mama akishajifungua, kwamba mnaacha leo, na kwamba kuanzia sasa atakuwa anaona nafasi tupu zenye sababu. Asikie kutoka kwenu kabla hajaona kwenye karatasi. Patografu za nyuma usiziguse, usiongeze wala kupunguza nukta. Na kama kuna mtoto aliyezaliwa amekufa au amepata madhara usiku mmojawapo wa zile 140, hilo lisibaki kati yako na mto wako. Lazima lisemwe kwenye mapitio ya vifo, na ulitamke wewe mwenyewe. Litauma. Familia ile ina haki ya jibu lililotafutwa kwenye karatasi ya kweli.

Sasa swali lako: mtu mbaya, au mgonjwa?

Nakuona mtu aliyechoka kiasi ambacho uchovu umeingia mikononi, na ambaye amefanya mambo mawili yaliyo makosa hata kwa aliyechoka. Nayasema kwa pamoja kwa sababu kila utakayemwuliza atakupa nusu. Wenzako watasema "pole, ni uchovu." Wanaokulaumu watasema huna wito. Neno hilo, wito, nimelisikia tangu chuoni, na nimeliona likitumika miaka mingi kumnyima mkunga siku yake ya mapumziko na posho yake ya kuitwa kazini. Wito haulali saa nne baada ya zamu ya saa kumi na mbili. Mwili ndio unaolala.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya namna yako katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Liliiweka kama jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga moyoni na kazi yako au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakina tija tena. Rudi kwenye barua yako. Ya kwanza umeiandika wazi, unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Ya tatu ndiyo ile "nimekuwa mzito" ambayo inchaji ameisema na wewe umeiamini. Ya pili hukujua kwamba umeiandika, na nitaifikia mwishoni.

Mzigo huu haukuanguka kutoka mbinguni, na naona ni haki uelezwe ulikotoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa Tanzania, 63 walizaliwa kwenye vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta wamefika 81. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Tarakimu hizo husomwa majukwaani na watu hupiga makofi, na wanastahili kupiga. Lakini wale akina mama walioacha kujifungulia nyumbani walikwenda wapi? Walikuja kwako. Serikali ikajenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, jambo jema sana, na kila chumba kilipofunguliwa kilimtoa mkunga mmoja leba usiku kwenda kumpokea mtoto mezani. Umelieleza mwenyewe kwa sentensi moja. Wala si kwetu tu: ripoti ya dunia kuhusu ukunga ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa wakunga 900,000. Sehemu ya upungufu huo umeibeba wewe kiunoni, ndiyo maana kinakuuma.

Kuhusu usingizi nataka nikutishe kidogo. Mwaka 1997 watafiti wawili huko Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokaa macho muda mrefu wakawalinganisha na waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, mikono na akili za watu wale zilikuwa sawa na za mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24 zilifika sawa na asilimia 0.10. Ungemwona mwenzako anaingia leba ananuka gongo, ungemtoa nje kabla hajagusa glovu. Lakini yule aliyeamka alfajiri akapika, akapeleka mtoto shule, akashinda kwenye msiba, kisha akaja zamu ya usiku, ikifika saa tisa tunampa sindano ya oksitosini ashike, na tunamwita mchapakazi.

Kwa hiyo siku ya kuingia usiku, mchana wake ni wa kulala. Mwambie mume wako hivyo, kwa maneno hayohayo. Kama amefika mahali pa kukutafutia duka, atafika mahali pa kumpeleka mtoto shule. Mkiwa wawili na leba imetulia, pokezaneni kulala dakika 20 au 30, mmoja akiwa macho kamili. Na ujue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 kati ya siku ya kazi na nyingine, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Najua sheria haiwezi kuvaa aproni ikaja kukushikia zamu. Lakini ratiba ya mwezi inayoivunja inaweza kuwekwa mezani kwa mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi, TUGHE, na ratiba ni karatasi, haina hofu wala haya.

Nakuja kwenye kofi.

Hapa sitakubembeleza. Binti yule alikuwa amelala chali, uchi, hajawahi kuzaa, anaogopa kwamba anakufa. Kubana miguu ni mwili unaojilinda. Wahenga walimwonya mzazi asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkunga hawakumwekea onyo, kwa sababu walimdhania kuwa mtu wa upande wa mzazi. Umeniambia alijifungua salama. Alijifungua mtoto mzima, ndiyo. Lakini kofi lile atalikumbuka kila mimba, na mama mkwe aliyekuwa dirishani atalisimulia kisimani. Wako wanawake watakaoamua kubaki nyumbani kwa sababu ya simulizi hiyo, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye atakayetoka damu.

Kuna utafiti uliofanywa mkoani Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, chini ya mradi uliopewa jina zuri la Staha. Akina mama walipoulizwa wakiwa wanatoka hospitalini, kama 19 kati ya 100 walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipofuatwa nyumbani baada ya wiki kadhaa, wakafika 28. Yaani wengine walinyamaza kwanza, wakatazama tu, kama alivyokutazama huyo. Kilichonigusa zaidi ni dawa waliyoijaribu baadaye. Watumishi na jamii walikaa pamoja wakakubaliana namna ya kutendeana, kisha hospitali ikafanya mambo madogo: mapazia kwenye vitanda, chumba cha faragha cha kupokelea wazazi, orodha ya dawa zilizokwisha kubandikwa ukutani ili mama asidhani sista amezificha, na chai kwa wahudumu wa leba. Chai! Malalamiko ya kudhalilishwa yakapungua sana. Waliotunga mpango ule walielewa kwamba staha ya mama na birika la mkunga vinakaa kwenye meza moja. Nendeni kwa mfawidhi mwombe mapazia na chai. Ni maombi ambayo hata kituo kisicho na fedha kinaweza kuyatimiza mwezi huu.

Na wewe mwenyewe unatakiwa kwenda kuomba radhi. Mtoto akifikisha wiki sita atakuja chanjo. Usimngoje kwenye foleni mbele ya watu. Mwombe sista wa kliniki akuitie pembeni, ukae chini, usisimame juu yake. Useme: siku ile nilikupiga na kukutukana, nilikosea, hukustahili. Usiseme nilikuwa nimechoka. Uchovu wako umweleze mfawidhi. Yule binti hana mkunga wa kukuongezea. Akikasirika, mwache akasirike. Akilia, kaa naye.

Sasa yule wa Machi. Umemwandikia sentensi mbili na nusu, na nimeona hukueleza chochote kati ya kutoka damu na kesho yake usiku. Hapo katikati kuna saa ngapi? Uliminya tumbo la uzazi mpaka vidole vikafa ganzi? Damu iliagizwa ikachelewa? Ndugu walipiga ukunga nje wakati wewe bado unamfunika kanga yake? Sikuulizi ili unijibu gazetini. Nauliza kwa sababu nadhani hujawahi kumsimulia mtu usiku ule tangu mwanzo mpaka mwisho, na ulirudi kwenye chumba kilekile baada ya saa zisizotosha hata kufua sare.

Daktari mmoja wa Marekani, Albert Wu, aliandika mwaka 2000 kwamba jambo baya likitokea hospitalini kuna waathirika wa kwanza, mgonjwa na watu wake, na kuna wa pili, yule aliyekuwa akimhudumia. Wa kwanza wanabaki kuwa wa kwanza daima. Lakini wa pili naye yupo, na kwetu hapewi hata kiti. Kikao cha mapitio ya kifo kile kilifanyika? Ulialikwa? Kikao hicho kimewekwa kutafuta ni wapi mnyororo ulikatika, na jina la mtu halipaswi hata kuandikwa. Kama kiligeuzwa kuwa mahakama, au kama hakikufanyika kabisa, mtafute mkunga mmoja unayemwamini, mkubwa wako kwa umri ikiwezekana, umwombe akusikilize saa nzima bila kukupa ushauri. Chama cha Wakunga Tanzania, TAMA, kina wanachama mikoani. Anzia huko kama kituoni kwenu hakuna.

Na kuna mpaka ambao ukiuvuka, mazungumzo hayatoshi. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hata siku za mapumziko, hata ukiwa na binti yako; kama chakula hakipiti; kama usingizi unakatika alfajiri ukiona damu ile; hiyo inaweza kuwa sonona au jeraha la akili kutokana na tukio, na hayo ni magonjwa, yana matibabu. Nenda kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ikiwa unaogopa kuonekana na wenzako kituoni. Likikujia wazo la kufa, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Tena tafadhali, usijitibu kwa vidonge vya usingizi vya kabatini. Nimemzika mwenzangu mmoja aliyekufa kwa njia hiyo.

Alama za PEPMIS zisikuumize sana. Omba kikao na inchaji, umheshimu, maana naye huenda anajaza pengo la watu watatu. Uende na kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha waliojifungua, umhesabie: mwezi huu waliojifungua ni wangapi, usiku ni wangapi, wakunga tulikuwa wangapi kila usiku. Mwambie yaliyo kweli katika lawama zake, kisha omba mambo mawili: likizo yako yote ya siku 28 bila kukatwakatwa, na ukirudi, miezi mitatu kliniki ya mama na mtoto kabla ya kurudi leba. Hayo ni maombi ya mtu anayetaka kufanya kazi vizuri. Na ninyi mainchaji na wafawidhi mnaosoma safu hii: mkunga hodari akianza kuwa mzito, fungueni ratiba yake ya miezi mitatu iliyopita kabla hamjafungua mfumo wa kumpa alama.

Duka la dawa sitalipinga. Kuacha leba si dhambi, na mume wako ameona kitu cha kweli: anaona mke wake anaisha. Ninachokukatalia ni kuamua jambo hilo ukiwa unatoka zamu tano za usiku. Mtu aliyechoka hivyo angeuza hata nyumba. Chukua likizo kwanza. Wiki ya kwanza utalala tu. Ya pili utaanza kukasirika, hiyo ni dalili njema. Ikifika ya nne, kaeni na mumeo mpige hesabu za duka kwa daftari na kalamu, na kama bado moyo unakwenda dukani, nenda, utakuwa unaondoka kwa miguu yako.

Binti yako usimdanganye. Akikuuliza tena, mjibu: "Leo nadhani nitarudi nimechoka. Nikinuna, si wewe." Watoto wa miaka sita wanaelewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Nilikuahidi dalili ya pili. Katika barua yako umemtaja mzazi wa kwanza uliyempiga, na mara zote tatu umemwita mama wa kitanda cha tatu. Nami katika jibu hili nimemwita binti, kwa kuwa hukunipa jina. Kabla ya zile wiki sita kufika, nenda siku ambayo huna zamu, mwombe inchaji kitabu namba 12, urudi kwenye ukurasa wa usiku ule, usome ameandikwa nani. Liandike mahali. Siku atakapokuja chanjo, mwite kwa jina hilo.